Beni: Gari bila historia, na pesa za familia zilizokimbia

Tangu wiki tatu sasa, Hiace moja nyeupe imesimama ndani ya kiwanja cha garaji mjini Beni, Kivu ya Kaskazini. Viti vya mbele vimeng'olewa, kichwa cha motere kimewekwa juu ya gunia, na kuku wa jirani wanalala chini ya gari usiku. Wenye gari hiyo si wafanyabiashara wakubwa wa Butembo. Ni familia 11 zilizokimbia vijiji vya upande wa Mbau na Eringeti. Ziliweka pesa pamoja katika AVEC yao kwa miaka miwili, zikaongeza pesa za kakao ya mwisho waliyovuna kabla ya kuacha mashamba, kiisha zikanunua gari ya kubeba watu na mizigo kati ya Beni na Butembo.

Gari ilifanya kazi siku 19. Siku ya 20, ikipanda milima kabla ya kufika Maboya, ilizima ghafla. Shofa alijaribu kuiwasha tena na tena, motere ikazunguka bila nguvu kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Fundi alipofungua alikuta mkanda wa motere, ule mafundi wanaouita kurua ya distribisyo, umekatika, na supapu zimepindika baada ya kugongwa na pistoni. Katika motere ya dizeli ya namna hiyo, mkanda ukikatika wakati gari inatembea, hauharibiki peke yake. Huondoka na vitu vingi.

Mkanda huo huuzwa dukani kwa bei ambayo familia 11 zingeweza kuchanga kwa asubuhi moja. Kutengeneza kichwa cha motere ni hesabu nyingine kabisa.

Aliyewauzia hakusema uongo. Hakuna aliyemuuliza mkanda ulibadilishwa lini, na hata angeulizwa hangejua. Yeye alinunua gari kwa mtu, na mtu huyo aliinunua kwa mwingine aliyeipokea mpakani Kasindi. Karatasi za dwani zilikuwepo, karte rose ilikuwepo. Historia ya motere ndiyo haikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba inakosekana.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo linarudi kila mara katika mitaa ya Beni, Oicha na Butembo, na siku hizi linaulizwa hata na watu ambao zamani walinunua pikipiki tu: je, inafaa kununua gari ya okazioni ambayo hakuna ajuaye ilitengenezwa lini, na nani, na nini kilibadilishwa?

Mashofa wa zamani hucheka swali hilo. Kwao ni swali la watu wa Ulaya. Hapa nani amewahi kuona gari yenye daftari ya garaji? Magari yetu mengi yalizaliwa Japani, yakauzwa huko yakiwa yamechoka kwa macho ya Wajapani, yakapanda meli hadi Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda, yakaingia Kasindi. Daftari iliyokuwa ndani ya sanduku dogo mbele ya kiti, ikiwa ilikuwepo, iliandikwa kwa Kijapani na mara nyingi iliishia kuwashia moto au kufungia karanga. Anayengojea gari yenye historia kamili, wanasema, atatembea kwa miguu mpaka azeeke.

Wana haki katika jambo hilo. Kama sharti la kununua gari Beni lingekuwa daftari, barabara zingebaki za mbuzi. Lakini kutoka hapo wanaruka hadi neno lingine ambalo si kweli: kwamba kwa kuwa hakuna gari yenye daftari, basi kutokuwa na daftari si kitu. Ni kitu, na kina bei. Gari isiyo na historia lazima ihesabiwe kana kwamba hakuna chochote kilichobadilishwa tangu itoke kiwandani, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Mkanda, mafuta ya motere, mafuta ya sanduku la vitesi, maji ya radiateri, freni: vyote vihesabiwe kuwa vya zamani, na pesa zake zitolewe juu ya bei anayotaja muuzaji. Muuzaji akikataa kushusha, mnunuzi ameshajua bei ya kweli ya gari hiyo. Ni ile aliyotaja, pamoja na garaji.

Kwa mfanyabiashara mwenye magari matano, hiyo ni hesabu ya kawaida. Moja likifa, manne yanalipa. Kwa familia iliyokimbia, gari hiyo moja ndiyo shamba, ndiyo minervali ya watoto, ndiyo kodi ya nyumba. Hakuna gari la pili la kulipia la kwanza. Kwa hiyo ushauri uleule hauwezi kuwafaa wote wawili, na hapo ndipo mazungumzo ya mtaani yanapokosea kila siku: tajiri anamwambia mkimbizi jinsi yeye alivyonunua, na mkimbizi anafuata.

Kuna jambo lingine ambalo wanaoishi mbali na huku hawalielewi upesi. Gari ikizima njiani kwetu, hasara si pesa tu. Kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Eringeti na Komanda magari yameshambuliwa na kuchomwa moto pamoja na waliokuwemo. Yapo majira ambapo magari yalisafiri kwa msafara na kusindikizwa na askari, na msafara haungoji gari moja ipoe. Shofa anayebaki nyuma na abiria 14 saa kumi na moja jioni, kapo wazi, hafikirii tena bei ya mkanda. Mama aliyekwisha kukimbia mara moja au mara mbili anajua maana ya kusimama porini giza likiingia. Ndiyo maana kusema kwamba gari ikiharibika itatengenezwa tu njiani ni neno jepesi mno kwa eneo hili.

Sasa, ikiwa daftari haipo, historia itafutwe wapi? Watu wengi wanaitafuta kwa mwenye gari. Huyo mara nyingi ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Mwenye gari anajua pesa za gari. Shofa ndiye anayejua gari.

Hapa mtu lazima aelewe kazi ya versement, yaani pesa ambazo shofa anapaswa kumpelekea mwenye gari kila jioni, mvua inyeshe, barabara ifungwe, abiria wawepo au wasiwepo. Shofa anayetafuta pesa hizo haoni faida ya kupoteza nusu siku kwa vidanje, kwa sababu nusu siku hiyo hakuna atakayemsamehe. Mwenye gari naye anasema matengenezo madogo ni ya shofa. Shofa anasema gari si yake. Kati ya hao wawili mafuta ya motere yanakuwa meusi na mazito kama lami, na hakuna anayelala vibaya kwa ajili hiyo. Gari iliyofanya versement miaka mitatu katika barabara za vumbi na mashimo imezeeka kuliko inavyosema saa ya kilomita. Hata kama bodi imepakwa rangi mpya na viti vimevishwa vitambaa vya maua.

Kwa hiyo anayetaka kujua amtafute shofa wa zamani, yule ambaye si mfanyakazi tena wa mwenye gari, amnunulie soda, amwachie aseme. Mashofa wanapenda kusema habari za magari waliyoendesha kama vile wazee wanavyopenda kusema habari za ng'ombe. Atasema gari inakunywa mafuta kiasi gani, inachemka kwenye mlima gani, iligonga wapi, nani aliitengeneza. Mbele ya kituo cha magari, shofa mmoja akikosekana, wapo wengine watatu waliowahi kusukuma gari hiyohiyo. Mji wa Beni si mkubwa hivyo. Gari inayozunguka hapa mwaka mzima haina siri kwa kila mtu, ila kwa mgeni tu. Na mkimbizi, hata akikaa miaka mitano, katika mambo ya magari bado ni mgeni. Wauzaji wanalijua hilo.

Komisioneri naye anastahili neno lake. Si mtu mbaya kwa sababu ya kazi yake, na wengine wamesaidia watu wengi. Lakini hula siku gari inapouzwa, na isipouzwa hali. Fundi anayeletwa na komisioneri atapokea kidogo kutoka mkono uleule. Fundi wa kweli wa mnunuzi ni yule aliyetafutwa na mnunuzi mwenyewe, akalipwa kabla, na akaambiwa wazi kwamba atapokea kiasi kilekile akisema nunueni au akisema rudini nyumbani. Familia 11 za Hiace zilikubali fundi wa komisioneri kwa sababu alikuwa wa bure.

Yapo pia mambo ambayo chuma kinasema chenyewe, bila shofa na bila karatasi, na mengi hayahitaji kwenda shule ya ufundi.

Magari yaliyotoka Japani mara nyingi hubaki na vibandiko vidogo, kwenye ubavu wa mlango wa shofa au karibu na motere, vilivyobandikwa na garaji za huko wakati wa kubadilisha mafuta au mkanda. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zetu. Huonyesha kilomita na tarehe. Kibandiko kikisema mafuta yalibadilishwa kwenye kilomita 142.000 na saa ya tabulo inaonyesha 96.000, basi mtu alirudisha saa nyuma, na hakuna haja ya kuendelea kuuliza maswali mengine. Kuhusu tarehe, wengi wanadanganyika bila mtu kuwadanganya. Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao. Kibandiko chenye 20 na mwezi wa 6 chaweza kuwa cha mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei, yaani 2008, na si 2020. Kwa enzi hiyo, iliyoisha Aprili 2019, mtu anaongeza 1988. Kwa enzi ya sasa, Reiwa, anaongeza 2018. Wapo watu Beni waliofurahia mkanda wa 2020 ambao kumbe ulikuwa wa 2008.

Japani pia ina ukaguzi wa lazima wa magari: gari ndogo mpya ya mtu binafsi inakaguliwa baada ya miaka 3, kiisha kila miaka 2. Karatasi ya kuitoa gari nchini humo huandikwa kilomita. Karatasi hiyo husafiri na gari na mara nyingi inabaki katika faili la mtu aliyeshughulika na dwani. Kama gari iliingia Congo hivi karibuni, aliyeiingiza aulizwe kopi. Akisema imepotea, si kosa la jinai, lakini bei isikie.

Taa za tabulo nazo zina maneno. Ukifungua ufunguo bila kuwasha motere, taa za onyo huwaka kwa muda ili kuonyesha kwamba bado zinafanya kazi, kiisha zinazima motere ikiwaka. Ile ambayo haiwaki kabisa imetolewa balbu, na mtu hatoi balbu kwa kupenda giza. Katika Toyota nyingi za dizeli za zamani ipo taa iliyoandikwa T-BELT. Huwaka gari ikifikisha kilomita 100.000, kukumbusha kwamba wakati wa kubadilisha mkanda umefika. Taa hiyo yaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Katika Hiace ya familia hizi, balbu haikuwepo.

Si kila motere ina mkanda. Corolla nyingi zinazobeba abiria hapa mjini, zile za motere ya 1NZ, zina mnyororo wa chuma badala ya mkanda, na mnyororo hauna tarehe ya kubadilishwa. Huo haukatiki ovyo, ila hutaka mafuta safi, na tunarudi palepale kwenye vidanje.

Kiisha kuna asubuhi. Gari ikaguliwe asubuhi, motere ikiwa baridi, mkono ukiwa umeguswa juu yake kabla ya kuwashwa. Muuzaji ambaye kila mara mnamkuta motere yake imeshapata moto ana sababu yake. Motere baridi husema ukweli: moshi wa bluu, inakula mafuta, moshi mweupe usiokwisha wenye harufu tamu tamu, maji yanapita pasipotakiwa, moshi mweusi mzito, inakula mazuti bila kuichoma vizuri. Kifuniko cha mafuta kikifunguliwa na chini yake pakaonekana uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji na mafuta vimekutana. Mtu aage kwa heshima.

Halafu mlima. Kujaribu gari kwenye barabara kuu ya mjini, ikiwa tupu, watu wawili ndani, si kujaribu. Gari iwekewe mifuko ya ndizi au mchanga wenye uzito wa kazi itakayofanya, ipande, na maji yaangaliwe baada ya kupanda. Muuzaji akikataa kwa sababu ya mafuta, mnunuzi alipe mafuta. Ni pesa ndogo kuliko zote zitakazotajwa siku hiyo.

Neno moja pembeni, kwa sababu wengi wamelizoea hata hawalioni tena. Hiace zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zina volani kulia na mlango wa abiria kushoto, maana huko wanatembelea upande wa kushoto wa barabara, kama Uganda. Sisi tunatembelea kulia. Kwa hiyo abiria wetu hushuka katikati ya njia, mahali pikipiki na malori yanapopita, na shofa akitaka kupita lori lazima atoe gari nusu nzima ndipo aone. Hilo si kosa la daftari. Lakini anayenunua gari ya kubeba watoto wa shule alifikirie.

Magari ya mashirika ya kibinadamu ni habari ya pekee. Hayo ndiyo karibu peke yake yenye historia ya maandishi huku kwetu: kila safari imeandikwa, kila vidanje, kila freni. Yakiuzwa, mara nyingi huuzwa kwa mnada au kwa barua zilizofungwa, na watu hukimbilia. Ni vizuri, ila mtu asiisome daftari kama cheti cha ubatizo. Land Cruiser iliyokwenda Walikale na Lubero kwa miaka kumi katika matope imeandikwa vizuri, na imechoka vizuri vilevile. Historia njema haimaanishi gari njema. Inamaanisha kwamba unajua unanunua nini. Na tena, gari hiyo ikipita mikononi mwa watu wawili baada ya mnada, daftari yake hupotea na bei hupanda kwa sababu ya jina la shirika tu.

Karatasi za umiliki zisichanganywe na hayo. Muuzaji anaposema gari ina makaratasi yote, maana yake ni karte rose, dwani, plake, asuransi. Hizo zinasema kwamba serikali imelipwa. Hazisemi lolote juu ya motere. Hata hivyo namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma isomwe kwa macho na ilinganishwe na ile ya karte rose, herufi kwa herufi, na chuma kinachoizunguka kiangaliwe kama kimechomelewa. Kwa wakimbizi kuna ugumu zaidi: wengi walikimbia bila karte yoyote ya utambulisho, na gari ya watu 11 inaandikwa kwa jina la mmoja, mara nyingine jina la mwenyeji anayewahifadhi. Urafiki uwepo, lakini iandikwe pia karatasi yenye majina na michango ya wote, na mashahidi watie sahihi kabla pesa hazijatoka. Hiace hii ilinunuliwa bila karatasi hiyo, na ugomvi unaoendelea sasa ndani ya AVEC si juu ya mkanda tu. Akina mama wanakumbusha kwamba wao walitaka mashine za kushona na unga. Wanaume wanakumbusha kwamba kila mtu alinyanyua mkono. Kijana aliyeandikwa kwenye karte rose anaitwa mwenye gari barabarani na mwizi nyumbani, na hajafanya lolote.

Je, inunuliwe au isinunuliwe? Kwa familia yenye dola 4000 na gari inayouzwa dola 4000, jibu ni hapana, hata gari ikiwa nzuri namna gani kwa macho, hata muuzaji akiwa shemeji. Pesa zote zikiishia kwenye ununuzi, siku ya kwanza ya garaji ndiyo siku ya kwanza ya deni. Afadhali gari ya 2700 ambayo mkanda, mafuta na freni vinabadilishwa kabla ya abiria wa kwanza kupanda, na senti zinazobaki zikae kwa mweka hazina. Ikiwa kwa bei hiyo hakuna gari ya kufaa, basi pikipiki mpya inayotolewa ndani ya katoni. Inaingiza kidogo, lakini haina jana.

Na kwa wale ambao wameona gari na moyo umeshaipenda, ipo njia ambayo haitumiwi sana na ingeokoa pesa nyingi: waombe kuifanyia kazi kwanza. Mwenye gari anayetaka kuuza akubali waichukue kwa versement mwezi mmoja au miwili, shofa wao, njia yao, kwa maandishi, na bei ya kuuza iwe imepangwa tangu siku ya kwanza. Mwezi mmoja wa Beni-Butembo unasema mambo ambayo fundi hawezi kuyaona kwa saa moja. Wenye magari watasema kwamba watu watachakaza gari na kuirudisha. Wengine wataichakaza kweli, na kwa hiyo amana kidogo iwekwe. Lakini muuzaji anayekataa kabisa, kwa sharti lolote, gari yake isitembee na mnunuzi hata wiki moja, amekwisha kutoa historia ya gari yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Kuna sehemu ya watu wengine pia, na si haki mzigo wote uwe juu ya mnunuzi maskini. Garaji za mjini zinabadilisha mkanda na kumpa mtu gari bila hata mstari mmoja wa maandishi. Kaye ya mtoto wa shule ingetosha: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, sahihi ya fundi. Chama cha mashofa, ACCO, kina watu katika kila kituo. Kingeweza kuuliza kaye hiyo kama kinavyouliza michango ya wanachama. Magari yasiyo na historia hayakuanguka kutoka mbinguni. Baadhi yalikosa historia hapahapa, mikononi mwetu, kila mara fundi alipomaliza kazi na kupangusa mikono bila kuandika.

AVEC ya familia 11 imefanya mikutano minne tangu gari isimame. Katika mkutano wa mwisho walikubaliana kutouza gari kama vyuma, ingawa mtu mmoja kutoka Butembo alikuja na bei. Kichwa cha motere kimepelekwa kwa fundi wa kukinyoosha, nusu ya pesa imelipwa, nusu wanaitafuta, na mama mmoja anayeuza unga kando ya soko ametoa mtaji wake wa wiki mbili ili mkanda mpya ununuliwe kabla bei haijapanda. Mweka hazina alinunua kaye ya kurasa 48. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika namba ya shasi, kilomita zilizo kwenye tabulo, na mbele yake alama ya kuuliza, kwa sababu hakuna anayeamini kilomita hizo. Chini yake ameacha mstari mtupu wa kuandika siku mkanda utakapofungwa.